Mbwa wa Kaya, Paka wa Koboko

Wahenga walimjua panya vizuri waliposema kwamba huuma na kupuliza. Anang'ata kidogo, anapuliza, na mwenye mguu anaendelea kukoroma. Kwa Tahiru, panya hawakuwa na haja ya kujisumbua kupuliza. Sukari ilikuwa imeua hisia za miguu yake kuanzia vifundoni kwenda chini, huu mwaka wa tatu, na mguu wa kushoto ungeweza kukanyaga kaa la moto asijue mpaka asikie harufu.

Kwa hiyo ilikuwa kazi ya mkewe, Jalia, kuikagua miguu hiyo kila asubuhi baada ya sala. Anafungua dirisha, anakaa ukingoni mwa kitanda, anauweka mguu mapajani na kuutazama kidole kwa kidole. Asubuhi moja, katika majira ya mvua, akakuta kisigino kimeliwa. Halikuwa jeraha la kujigonga wala la kiatu. Nyama ilikuwa imechongwa kwa meno madogo, na shuka lina madoa. Tahiru alikuwa ameshaamka, anasikiliza redio na kuuliza kama chai iko tayari.

"Baba Shamim, panya imekula wewe," Jalia akasema.

"Imekula wapi?"

Jalia aliogopa swali hilo kuliko damu yenyewe. Mtu analiwa akiwa hai, kisha anauliza ameliwa wapi.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alisafisha kidonda, akakifunga, akasema bila kuzungukazunguka kwamba kidonda cha mwenye sukari hakina mzaha. Kikiachwa kitapona. Kikichimbwa tena, mguu utakatwa. Walirudi nyumbani, pembeni mwa mji wa Arua upande wa Ayivu, wawili juu ya boda moja.

Jalia alijaribu kila alichokijua. Alimvalisha mumewe soksi, panya wakazitoboa. Akafunga chandarua na kukipindia chini ya godoro, wakakata tundu pembeni. Mtego uliua wawili, kisha ukamnasa Tahiru mwenyewe kidole gumba, naye akatembea nao mpaka barazani akishangaa ni nini kinachogonga sakafu. Sumu, Tahiru aliikataa katakata, kwa sababu panya akila sumu, na mbwa akimla panya huyo, mbwa atakufa. Na mbwa, katika nyumba ile, alikuwa mtu mkubwa.

Tahiru alikuwa ameendesha lori miaka ishirini na minne, Arua, Koboko, Oraba, kisha ng'ambo. Pale Oraba, mpakani, lori huweza kusubiri karatasi siku nne, na katika kusubiri huko kijibwa kilivuka kutoka Kaya, mji wa upande wa pili, kikaja kulala chini ya magurudumu yake. Akakilisha, akakiita kwa jina la kule kilikotoka. Sukari ilipomshusha kwenye usukani alirudi nyumbani na mbwa mzima mwenye masikio makubwa. Jalia, Mnubi wa Koboko, mjukuu wa askari waliokuja na sala zao kutoka Sudan, alimtazama mbwa, akamtazama mume. Wenye Kiswahili chao husema kaya ni watu wa nyumba moja, lakini Jalia hakuwa na nia ya kumhesabu huyu. Wakapatana kwamba baraza ni ya mbwa na kizingiti ni mpaka. Kwa miaka mitatu mpaka huo uliheshimiwa kuliko ule wa Oraba.

Hebu tuseme kweli lakini: si dini peke yake. Tahiru alikuwa na maneno machache ndani na mengi barazani. Jalia akiwa chumba cha mbele akisuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangirangi anavyouza sokoni, alimsikia akimsimulia mbwa habari za daraja lililobebwa na maji, za askari aliyemnyang'anya viatu, za usiku aliodhani hataiona Arua tena. Habari hizo Jalia hakuwahi kuambiwa hata moja. Miaka ishirini na minne alimngoja mume arudi kutoka barabarani, na aliporudi akawa anaongea na mbwa. Alimwonea mbwa wivu, na alijua ni wivu, na aibu ya kujua ilimfanya amchukie mbwa zaidi.

Basi akapanda gari kwenda Koboko kwa dada yake Zuhurah, ambaye paka wake walikuwa wamezaa mpaka hana pa kukanyaga. Zuhurah alimchagulia jike la rangi ya majivu, mwindaji, akamtia ndani ya kapu na kulifunika kanga.

"Usionyeshe yeye njia," akasema. "Ikiona njia, itarudi hapa."

"Na mbwa je? Kaya hapendi hata kuku ya jirani."

Zuhurah akacheka. "Ukipenda boga, penda na ua lake."

"Ua mimi napenda, dada. Hii iko mbwa."

Walimwita paka Kadisa, jina ambalo kwa Kinubi ni paka tu. Kapu lilipofunguliwa chumbani, Kaya alinusa kutoka barazani. Mbwa ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kuugusa mlango akaanza kuuparura, akibweka mpaka bati likatetemeka, na Kadisa akaruka juu ya kabati. Akakaa huko. Kutwa nzima, na kesho yake, hakushuka wala hakula. Paka wa juu ya kabati hana habari na panya wa chini ya kitanda. Asubuhi ya tatu Jalia akaukuta ukingo wa bendeji umetafunwa, nyuzi zimesambaa kwenye shuka.

Akasema dawa ya moto ni moto. Alichukua mti wa ufagio, na kila Kaya alipousogelea mlango alimchapa. Mbwa akalia, akarudi nyuma, akasogea tena, akachapwa tena. Tahiru akapiga kelele kutoka kitini, "Unapiga mbwa yangu sababu gani?" lakini miguu ya kumfanya ainuke upesi hakuwa nayo. Siku mbili zilipokwisha, Kaya hakubweka tena. Alikuwa akinguruma, meno nje, kila sauti ya paka ilipotoka ndani.

Vilio vya mbwa vilimleta jirani. Mzee Constantino alikuwa amezunguka vijijini miaka mingi akichanja mbwa ili kichaa kisiwapate, mpaka goti lilipomwambia basi. Alisimama uani, akamtazama mbwa, akautazama mti wa ufagio.

"Mama Shamim, wewe umefundisha mbwa vibaya. Sasa anajua kadisa ndio inaleta fimbo."

"Nifanye nini? Mguu ya mzee itakatwa."

"Weka fimbo chini. Kwanza wasionane. Wajuane na pua. Kamata gunia ya mbwa, hii anayolalia, peleka ndani kwa paka. Kitambaa ya paka, leta hapa kwa mbwa. Kula wale pamoja, mlango iko katikati."

"Gunia ya mbwa ndani ya chumba? Mzee, mimi nasali humo."

"Mimi iko Mkristo. Mambo ya sala yako siwezi kusema," Constantino akajibu. "Mambo ya mbwa najua."

Jalia alikaa na maneno hayo mpaka adhuhuri. Alifundishwa tangu mdogo kwamba kikavu kwa kikavu hakuna najisi, na gunia lilikuwa kavu. Lakini moyo hausomi fikihi. Mwishowe alikunja msala wake, akauhamishia chumba cha mbele, kisha akalinyanyua gunia kwa kijiti na kulitupa chini ya kabati. Mikono haikugusa kitu, na bado aliinawa.

Wakaanza. Kaya alifungwa kamba kwenye kiti cha Tahiru, na Tahiru akapewa bakuli la dagaa na kazi: mbwa akiutazama mlango, anyamaze, mbwa akigeuza uso kumtazama yeye, ampe dagaa mmoja. Ndani, Jalia aliketi sakafuni akimvuta Kadisa ashuke kwa dagaa hao hao. Mlango ulikuwa wazi upana wa kiganja. Tangu ashuke kwenye lori, Tahiru hakuwa amepewa kazi yoyote na mtu yeyote, na hii aliifanya kwa moyo wote.

"Iko namna gani huko?" anauliza.

"Amekula mbili. Yako?"

"Yangu inaangalia mimi kama mutu ya deni."

Jalia alicheka huko ndani, peke yake, mkono mdomoni. Walikaa hivyo asubuhi na jioni, wiki mbili na zaidi. Mbwa na paka waliposinzia wao waliendelea kuongea kupitia ule upenyo, na siku moja Tahiru akamsimulia habari ya daraja lililobebwa na maji. Jalia hakumwambia kwamba ameshaisikia. Aliuliza maswali kama mgeni, na alikuwa na furaha ambayo hakuikumbuka tangu Shamim alipokuwa mtoto wa kubebwa.

Kadisa akashuka. Asubuhi moja kulikuwa na panya watatu mlangoni pa chumba, wamepangwa. Kidonda kikaanza kukauka. Constantino akaja kusimamia siku ya kufungua mlango. Kaya alitetemeka mwili mzima, mkono wa Tahiru ukiwa shingoni mwake, na paka akatoka taratibu, akainusa pua ya mbwa, akaketi kujilamba.

"Imekwisha," Constantino akasema. "Sasa hawa iko ndugu."

Alisema kweli, na undugu huo ndio ulioleta balaa. Kadisa, aliyeletwa kwa ajili ya chumba, akakipenda kitambi cha mbwa. Akahamia barazani. Alilala kwenye gunia, mgongo kwenye tumbo la Kaya, na akifungiwa ndani alilia, akaukwaruza mlango, kisha akapanda kabatini na kununa. Nje, mbwa akamjibu kwa kulia. Jalia alimbeba paka kumrudisha ndani mara zisizo na hesabu. Alimfungia na samaki, akamfungia na maziwa. Kadisa alikunywa maziwa, akapanda kabati.

Juma la pili la mapenzi hayo, Jalia akakuta alama mpya za meno, upana wa kidole kimoja juu ya kidonda cha zamani.

Muuguzi aliosha, akafunga, akamtazama Jalia usoni. La kusema alikuwa ameshalisema.

Walipofika nyumbani Jalia hakumtazama mumewe, kwa sababu hesabu ilikuwa imeshakamilika kichwani mwake na hakutaka aione. Paka anakaa alipo mbwa. Mguu uko chumbani. Hakuna aliyemwambia afanye nini. Tahiru ndiye angeweza kumwomba, na hakumwomba. Alisema tu, huku akijishusha kitini, "Wacha, Mama Shamim. Umechoka. Mguu iko yangu."

Kama angeomba mbwa aingie, pengine Jalia angemkatalia. Lakini alisema hivyo, na Jalia akamwona amekaa pale pale na mguu mmoja, akimsimulia mbwa siku alipokatwa.

Alasiri hiyo alitoa vitu vyake chumbani. Msahafu kwanza, kisha birika la kutawadhia, nguo, mafuta, mto. Akatandika mkeka chumba cha mbele, mahali ambapo angeweza kusali na kulala bila pumzi ya mbwa. Kisha akaufungua mlango wote na, kwa mara ya kwanza, akamwita mbwa kwa jina lake.

"Kaya. Ingia."

Kaya alifika kizingitini akasimama. Akatazama mikono yake, akitafuta fimbo. Alijilaza chini, masikio yamelala, akatetemeka, hakuvuka. Jalia aliona kwamba ni yeye aliyemfundisha hivyo, na akaona aibu mbele ya mnyama. Akaketi sakafuni, akanyoosha kiganja chenye dagaa, akamwita tena, polepole. Mbwa akajivuta kwa tumbo mpaka ndani, akala, akakilamba kiganja chote. Ulimi ulikuwa wa moto na majimaji. Jalia aliuacha mkono pale pale mpaka Kaya alipofika miguuni pa kitanda na Kadisa kumfuata nyuma. Ndipo alipotoka uani akaunawa mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa kwa najisi ya mbwa, na machozi yalikuwa yakimtoka muda wote huo.

Mguu ulipona. Ulichukua miezi miwili na nusu, ngozi mpya ikafunga, laini, na muuguzi akamsifu Jalia mbele ya wagonjwa wengine kwamba huyu mama amefanya kazi. Panya walihama, labda kwa Constantino.

Asubuhi moja Jalia alikuwa akiukagua mguu kama kawaida, mbwa na paka wamejikunja pembeni, na Tahiru akazima redio.

"Mguu imepona," akasema. "Wewe rudi chumbani."

"Mimi nikirudi, mbwa itatoka. Mbwa ikitoka, kadisa itatoka."

Tahiru alifikiri. Jalia alimwona akifikiri, akipima upande huu na upande ule, na akangoja, mguu wa mume ukiwa bado mapajani mwake. Hakujua kama anataka kulisikia neno la kumtoa mbwa au la, maana likisemwa ni yeye mwenyewe atakayelazimika kulikataa.

"Basi acha mlango wazi," Tahiru akasema mwishowe. "Tuwe tunaongea."

"Ikikaa wazi, Kaya atakuja mpaka kwenye msala."

Akamvalisha soksi, akaipandisha vizuri, akausawazisha mguu juu ya shuka. Ulikuwa mguu mzima, vidole vyote vitano. Kisha akaenda chumba cha mbele na kuufunga mlango mwenyewe. Alikuwa bado ameushika mkono wa mlango alipomsikia mumewe, kule ndani, akianza kuongea.