Kitanda cha Baba

Juzi nilimkuta baba, mzee wa kanisa, akilipaka rangi ya kijani jeneza la msikiti wa Rwamgasa, lile linalobeba maiti hadi makaburini kisha kurudi tupu. Jeneza lile likanirudisha utotoni.

Mchana mmoja duara, shimo alimokuwa baba akichimba dhahabu, lilikuwa limebomoka. Kulinuka udongo mbichi na moshi wa jenereta. Vijana wa msikitini, kanzu wamezifunga viunoni, walifukua kifusi pamoja na wachimbaji, na mama zao wakawapikia uji. Mara vijana wawili wakaja mbio na jeneza. Mama alipiga yowe, akaketi chini. Mimi nilikuwa sijawahi kuona jeneza.

"Mayu, usilie," nikamwambia mama. "Wamemletea baba kitanda."

"Mtoto kasema kweli, Mama Limi," alisema imamu. "Yu hai. Machela ndiyo hatuna."

Kweli baba alipita mbele yetu amelala juu ya jeneza lile, mguu umevunjika, akikohoa vumbi. Nilimwonea wivu kwa kubebwa.

Juzi nikamwamkia, nikamuuliza, "Baba, hata jeneza la watu unalihangaikia?"

"La watu?" alisema, bila kuinua brashi. "Si wewe uliyesema ni kitanda changu?"