Tabaga la Kulusum

Moris aliazima tabaga la Kulusum kwa siku tatu, akaligeuza ugunduzi wake, na mpaka leo hajalirudisha.

Tabaga ni kawa la ukindu ambalo wanawake wa Kinubi hapa Koboko hufunikia chakula. Kulusum hakuwahi kukaa darasani, lakini rangi anazijua. Anajua nyekundu ipi itapauka kabla ya Idi, na kijani kipi kitadumu mpaka bibi arusi apate wajukuu.

Mtafiti Moris alitoka Kampala kuja kufunga karatasi nne za sola juu ya bati la nyumba ya Kulusum. Zilikuwa karatasi laini za plastiki, zimepakwa mchanganyiko wa vitu viwili: kimoja kikipigwa na jua huachia chembe za umeme, cha pili huzipokea na kuzipitisha. Moris alikuwa akitafuta mpokeaji bora wa chembe hizo, kila karatasi na wake. Kulusum aliombwa afute vumbi tu.

Akafanya zaidi. Kila Ijumaa alipanda ngazi, akatazama rangi za karatasi, akashuka kuzisuka katika tabaga alilomtengenezea binti yake Jamilah la arusi. Mistari minne, mmoja kwa kila karatasi, mzunguko mmoja kila juma, kwa miaka miwili. Karatasi ya bluu ndiyo iliyofifia mapema, na umeme wake ukafifia nayo.

"Unyevu unaingia," alisema Moris.

"Unyevu gani, Injinia? Kipande ya bluu ulikata, mimi naweka ndani ya chupa, nafunga na nta, naacha kwa jua. Maji hakuna. Angalia, iko nyeupe kama ndevu ya shehe! Jua ndiyo inaua hii rangi."

Moris alicheka. "Mama Jamilah, wewe iko profesa!" Kisha akalishika tabaga, akafuata mistari kwa kidole, kicheko kikakatika. "Niazime siku tatu, nilipige picha."

Hapo Kulusum alikosea, kosa la mwanamke wa Kinubi. Kwao tabaga likienda kwa jirani hurudi, tena halirudi tupu. Litabeba sukari, mayai, hata limau moja. Kumwambia mtu "rudisha" ni kumtukana. Basi hakusema.

Siku tatu zikawa miezi kumi. Jamilah aliolewa chakula kimefunikwa kwa beseni la plastiki. "Mama yake hana mikono?" shangazi mmoja wa bwana arusi aliuliza, makusudi asikike.

Kisha Moris akaitisha mkutano hotelini Arua, na Kulusum akaenda. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya tabaga lake. Moris akaeleza jinsi rangi zile, zilizofifia zaidi majuma ya jua kali kuliko ya mvua, zilivyoonyesha kwamba jua, wala si unyevu, ndilo lililomharibu mpokeaji wa bluu, na jinsi alivyotengeneza mwingine anayedumu. Mtu akauliza kawa lile limetoka wapi.

"Pambo la kienyeji tu," alijibu. "Tulisuka takwimu zetu ndani yake."

Kulusum akasimama. "Injinia, hiyo iko kazi ya mkono yangu."

Watu wakacheka kwa upole, kama wanaomcheka mtoto. "Tutaongea baadaye, mama," alisema Moris, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Leo karatasi ya bluu imekuwa nyeupe kabisa juu ya bati. Kulusum hasuki tena. Ukindu unakauka nyuma ya mlango. Jamilah ni mjamzito, na mama yake hajui atafunika nini chakula cha arobaini ya mtoto.

Moris anadaiwa tabaga moja la mistari minne, na lisirudi tupu. Arudi nalo akimtaja Kulusum kwa jina, mbele ya wale waliocheka.