Udongo Mbichi Juu ya Tembe la Selina

Kama uliwahi kupanga chumba Igose, kile kituo kidogo cha treni upande wa Manyoni, basi ulipanga kwa Selina au kwa mtu aliyekandikiwa nyumba na Selina. Mama huyu hakuwa na cheo. Alikuwa mjane wa Philipo, kibarua wa reli aliyefariki mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kazi yake ilikuwa udongo. Alijua udongo wa kichuguu kipi unashika na kipi unapasuka. Alijua samadi ya ng'ombe iwe mbichi kiasi gani. Wapo waliosema ana dawa. Upuuzi mtupu; alikuwa na subira, kitu ambacho wasemaji hao hawakuwa nacho.

Tembe, kwa asiyelijua, ni nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake bapa nalo la udongo, na raha yake ni kwamba haliishi kujengwa. Kijana akioa, unaongeza chumba pembeni. Mgeni akishuka na treni hana pa kulala, unaongeza kingine. La Selina lilianza na vyumba viwili likafika saba. Mwalimu mgeni alikaa humo. Yustina, nesi wa zahanati, alikaa humo. Bonifasi, muuza asali aliyetoka Rungwa na madebe mawili na kikohozi, alikaa humo miaka minne kwa kodi ambayo hata mwenyewe aliionea haya. Ndivyo mtaa wa Nyuma ya Reli ulivyokua, chumba kwa chumba, bila ramani wala kikao.

Mwaka 1993 ramani ikaja. Igose ilikuwa imetangazwa kuwa mji mdogo, na watu walipiga vigelegele, wakidhani mji ni taa na bomba la maji. Vijana watatu wa upimaji walishuka kwenye gari wakachimbia vigingi vya saruji kila walipotaka. Kimoja walikiweka katikati ya ua wa Selina, hatua mbili kutoka jikoni kwake. Hawakumwomba ruhusa wala radhi. Selina alikizunguka kigingi kile siku nzima kama mtu aliyekuta kaburi asilolijua, na tangu hapo moyo wake haukutulia.

Kisha Lazaro, mwenyekiti wa mtaa, akasoma ilani. Kuanzia tarehe mosi Septemba, marufuku kujenga wala kuongeza chumba. Nyumba zilizokuwepo kabla ya siku hiyo zitaandikwa kwenye daftari, na wenyewe watapewa viwanja pale pale mtaani. Nyumba zitakazokutwa zimejengwa baada ya hapo zitabomolewa bila fidia. Na kila atakayepewa kiwanja ajenge kwa tofali za kuchoma na bati ndani ya miezi thelathini na sita, la sivyo anyang'anywe.

Bati! Nitasema na nisilaumiwe: aliyeandika sheria ile hakuwahi kununua hata shuka kwa hela yake. Zamani tulikuwa na hela na maduka matupu. Ilipokuja ruksa ya biashara huria, maduka yakajaa hela zikakimbia, na bati likawa kitu cha kwenda kutazama dukani baada ya ibada ya Jumapili. Lakini hilo lilikuwa la mbele. La kwanza lilikuwa kuandikwa, na Selina alilishika hilo kwa mikono miwili.

Alikuwa na sababu. Mwanawe Deo, mpakia mizigo pale stesheni, alikuwa amemchumbia Jenipher wa Kintinku. Ng'ombe walishapelekwa. Baba wa binti alikuwa na neno moja tu: binti yake hatalala chumba kimoja na mama mkwe. Vyumba vingine vyote vilikuwa na wapangaji, kwa hiyo Deo alikuwa ameshakata nguzo za chumba cha nane.

"Mama, chumba kimoja tu," alisema. "Nani atajua?"

"Hapana. Imesomwa, tumesikia."

"Kina Jenipher hawatanisubiri mimi milele."

"Wasubiri tuandikwe. Tukiandikwa tuna kiwanja. Tukiwa na kiwanja, mkeo anakuja na mahali pa kukaa panajulikana. Tusipoandikwa, mwanangu, hatuna pa kutandika hata mkeka."

Deo alizilaza nguzo zake ukutani, akanuna wiki mbili. Selina alimwacha anune.

Oktoba ikafika, mwezi wa kukandika kabla ya mvua. Hapo ndipo mama yule mtii wa sheria alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Habari zilikuwa zimeenea kwamba mwandishi wa nyumba atafika mwezi ule ule.

"Mtu mkubwa anakuja kuandika nyumba zetu, azikute na nyufa?" Selina alimwambia Yasinta, jirani na shoga yake wa miaka mingi. "Atasema hapa hawakai watu, wanakaa mbuzi."

"Ukianza kwako utakuja na kwangu?"

"Kwako, na kwa wote."

Na kweli, kwa wote. Kwa siku tisa wanawake wa nyumba kumi na moja walibeba udongo na maji, wakaimba, wakakandika paa na kuta, wakasugua kuta kwa mawe laini mpaka zikang'aa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni Petro peke yake, jirani mvivu kuliko kivuli chake, aliyekataa. Paa lake lilikuwa na majani marefu, na siku moja mbuzi alionekana juu yake akila. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini.

Mwandishi wa nyumba alifika udongo haujakauka vizuri. Alikuwa kijana mpole, viatu safi, daftari kubwa chini ya kwapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, karibu."

Alipewa kigoda na karanga. Hakukaa. Aligusa ukuta kwa kidole, akakitazama kidole, akakifuta kwa leso.

"Hii imejengwa lini?"

"Zamani, na marehemu baba yake Deo."

"Udongo huu ni wa lini?"

"Wiki iliyopita," Selina alisema, na uso wake ulijaa fahari. "Kwa mikono yangu hii."

Pembeni kijana yule aliona nguzo mbichi za Deo zimelazwa. Akaandika. Selina alifurahi sana kumwona anaandika.

Siku kumi baadaye walikuja watu wa ofisi na makopo ya rangi. Nyumba kumi na moja zilichorwa mlangoni msalaba mwekundu wa kubomolewa. Ya Petro ilipata namba ya bluu, ya kiwanja. Alipokwenda ofisi ya mji mdogo, Selina aliambiwa nyumba yake ni jengo jipya, lililojengwa baada ya ilani. Alidhani amesikia vibaya. Alieleza kwamba tembe hukandikwa kila mwaka, na babu yake alifanya hivyo, na usipokandika nyumba inakufa. Aliomba waje aparue ukuta mbele yao, waone miti ndani ilivyo myeusi kwa moshi wa miaka ishirini.

"Nilichokiona ndicho nilichoandika, mama," alisema yule kijana, bado kwa upole. "Na daftari limeshapanda juu."

Huko juu ni wapi hakusema, na hakuna aliyewahi kupaona.

Yasinta hakumgombeza. Aliacha tu kumsalimia, akafungasha, akaenda kwa ndugu zake. Wengine nao wakaondoka mmoja mmoja, wengi bila kuaga. Yustina alitafuta chumba kwenye zile nyumba chache za bati, akaambiwa kodi ya kula nusu ya mshahara wake, akaomba uhamisho kwenda Kiomboi, na zahanati ikabaki na kufuli. Hata Petro hakufaidi. Aliuza kiwanja chake kwa mfanyabiashara kabla ya Krismasi, kwa sababu hakuwa na uwezo wa hata bati la choo. Viwanja vikaota magugu, vigingi vikiwa vimesimama humo. Huo ndio mji tuliopigia vigelegele.

Vibarua sita walikuja Januari na msimamizi mwenye filimbi. Bonifasi alikuwa mmoja wao, asali ilikuwa haimlishi tena. Alimwamkia Selina mara moja, kwa sauti ya mgonjwa, na hakumtazama.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na paa lilikuwa limeshiba maji. Walipiga ukuta saa nzima bila kupata tundu la kupita panya. Msimamizi akachoka. Akamwamuru Bonifasi aingie na shoka, akate nguzo za kati, nyumba ishuke yenyewe.

Alikozaliwa Bonifasi waliezeka kwa nyasi. Hakujua kwamba nguzo za kati zikikatwa, paa la udongo haliteremki taratibu. Linakuja lote kwa pamoja, na aliye chini yake haokolewi. Selina alijua. Alikuwa amekaa uani juu ya magunia ya vyombo vyake, Deo kando yake. Akasikia pigo la kwanza.

Sitaficha: alinyamaza. Alitaka lianguke. Alitaka lianguke na mtu ndani, ili mwenye daftari aje aandike na hilo. Likaja pigo la pili. Likaja la tatu, na mabonge ya udongo yakaanza kudondoka mlangoni.

"Bonifasi!" alipiga kelele, huku amesimama. "Toka! Toka humo, mwanangu! Tembe halibomolewi kutoka ndani!"

Bonifasi akatoka mbio, shoka mkononi.

"Mama, unazuia kazi ya serikali?" akauliza msimamizi.

"Sizuii. Udongo unaondolewa kwanza, kutoka juu. Ukiisha, miti inatoka bila kuua mtu."

Vibarua walitazamana. Paa lilikuwa linateleza, na hakuna hata mmoja aliyejua pa kukanyaga.

"Basi panda utuonyeshe," msimamizi alisema.

"Mama, usiende," alisema Deo.

Selina alichukua jembe, akafunga kanga kiunoni, akapanda. Alitafuta kwa unyayo mahali ambapo mhimili ulikuwa bado mzima, kisha akaanza kuparua, juu ya chumba alichomzalia Deo.