Kisima cha Wachimba Mafuta

Mwaka 1988, Peresia Awuor aliwapikia mafundi waliokuwa wakitafuta mafuta katika uwanda wa Nyando, karibu na Kisumu. Walichimba miezi mingi bila kupata kitu. Siku ya kuvunja kambi, msimamizi wao, Bwana Obeid, akaamuru kisima kilichokuwa kikiupa mtambo maji kizibwe.

Peresia akamfuata. "Bwana Obeid, mafuta mmekosa, lakini maji mmepata. Sisi tunateka mtoni, na kipindupindu kimetumalizia watoto. Tuachieni hiki."

Obeid alikitazama kisima, kisha akawaambia mafundi waweke pampu ya mkono.

Kazi ya Peresia iliisha siku hiyo. Alirudi nyumbani na ndoo ya maji safi kichwani, akipishana na wanawake waliokimbilia pampu na mitungi yao.