Senene niliompelekea Koku wodini

Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba.

Mdogo wangu Koku alizaliwa na ngozi inayochubuka ovyo, hata mdomoni. Daktari wa Bukoba alitueleza kwamba seli za ngozi hushikana kwa protini, kama fito za nyumba zilizofungwa kamba, na protini za Koku ni mbovu. Nikakumbuka tulifundishwa kwamba senene, wale panzi wa kuliwa, wana protini. Nikawakaanga wakakauka, nikamlisha kwa siri wodini alikolazwa.

Mdomo ukajaa damu.

"Nani amemlisha?" daktari akafoka. Nikamwambia nilitaka apate protini, naye akajibu, "Protini hiyo hailiwi, mwili huijenga wenyewe!"

Mama aliona kopo la senene mkononi mwangu. "Mwesiga! Ulitaka kumuua?"

Wodi nzima ilinigeukia. Siku hizi Koku akiniona anafunika mdomo. Aliyewahi kumuumiza ndugu yake namna hii aniandikie, anieleze alimwombaje radhi.