Koki niliyoiacha wazi, na mama aliyeisikia akiwa bondeni

Wakuu, salaam kwenu, wa mjini na wa milimani.

Nimetembea na jambo hili tangu msimu wa kahawa uliopita, leo nalitua hapa. Sina picha wala video. Ila mama yangu yupo hai kule Mbozi, na nikiongeza chumvi hata kidogo atanisuta mbele za watu. Kwa hiyo siongezi.

Mimi naishi Tunduma. Mchana nauza madaftari dukani, na saa zinazobaki naandika hadithi ambazo bado sijazimaliza.

Baba alikuwa mwinjilisti. Alizunguka vijiji vya Mbozi na kushuka hadi Ileje, wakati mwingine mpaka Ikinga, Biblia ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni kifuani. Mwaka juzi alitutoka. Kwangu ilibaki pikipiki yake, ya Kijapani, yenye umri unaonizidi mimi.

Kwa mliozoea pikipiki za siku hizi, ngoja nieleze kidogo.

Hizi za zamani zina koki chini ya tenki, upande wa kushoto. Ni kakitu kadogo, unakazungusha kwa vidole viwili. Ukifunga, petroli haishuki. Ukiacha wazi, kinachoizuia isifurike ni kijisindano kimoja ndani ya kabureta, chembamba kuliko punje ya mchele.

Tenki zima la petroli linazuiwa na kitu cha ukubwa huo! Mimi hilo peke yake linanishangaza mpaka leo.

Fundi wangu wa Tunduma, ambaye kwao ni ng'ambo ya mpaka na kila mtu humwita "mulamu", yaani shemeji, alinionya mapema.

"Mulamu, hii sindano imechoka. Ukipaki, funga koki."

"Nitafunga."

"Nyie wa vitabu kazi yenu nitafunga, nitafunga. Funga sasa hivi, nikuone."

Nikafunga. Akacheka, nikacheka. Kesho yake nikasahau, na keshokutwa pia.

Na wala sikupata madhara. Pale ninapoishi napaki nje, juani, kwenye upepo. Petroli ikidondoka inakauka kabla sijaiona. Nikaamini fundi anapenda tu kusumbua watu.

Sasa twende Mbozi.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, na wanaoijua Julai ya kule wanaijua. Nilitoka Tunduma asubuhi juu ya pikipiki, mara ya kwanza kuirudisha nyumbani tangu niirithi, nikapita pembeni ya ile foleni ya malori isiyokwisha, vumbi na baridi vikaniingia puani. Nafika nyumbani nina mafua mazito, pua zote mbili zimeziba.

Mama hakuwepo. Alikuwa bondeni, karibu na kijito, anachuma kahawa. Kutoka kule mpaka nyumbani ni mwinuko wa nusu saa kwa mtu mzima mwenye kikapu.

Nikazungusha ufunguo, pikipiki ikanyamaza. Kisha nikaisukuma jikoni.

Ndiyo, jikoni. Msicheke. Kwetu jiko ni kibanda chake peke yake, kuta za udongo, bati juu, mafiga katikati. Pikipiki ya baba ililala humo miaka yote, kwa sababu baridi ya Julai inaifanya igome kuwaka, na jikoni huwa kuna joto la mkaa uliofukiwa majivuni. Tena ukutani kuna sehemu ambayo masizi hayakuifikia vizuri, ina umbo la pikipiki kabisa, tenki, usukani na kiti. Nikairudisha pale pale kwenye kivuli chake, nikajisikia mtoto mwema.

Bahati, siku hiyo mafiga yalikuwa baridi. Mama alikuwa ameondoka alfajiri bila kuwasha moto.

Nikanawa, nikabadili nguo, nikajilaza kidogo. Halafu nikapata wazo zuri, kwamba mama akipanda akute chai.

Nikaingia jikoni. Mle ndani mchana ni kama jioni, kila kitu ni cheusi. Nikapanga kuni ndogo, nikachuchumaa, nikatoa kiberiti. Sikunusa kitu. Pua niliyokuwa nayo siku ile isingenusa hata mbuzi dume.

Njiti ya kwanza ilivunjika kichwa kabla haijawaka.

Nikatoa ya pili.

"Weka chini!"

Mama alikuwa mlangoni, ameshika miimo kwa mikono miwili, kifua kinapanda na kushuka. Hakuwa na kikapu. Kanga imemfunguka, miguu imejaa tope la kijito.

"Shikamoo ma..."

"Weka chini hicho kiberiti. Usiniamkie. Weka, utoke."

"Mama, leo nataka nikupikie chai mimi."

"Chai ya matanga? Toka nje, baba!"

Anaponiita "baba" kwa sauti ile, natii. Nikaweka kiberiti, nikainuka, na hapo ndipo kiatu changu kilipotoa sauti. Chwap. Nikatazama chini. Sakafu ya udongo ilikuwa imelowa kutoka kwenye pikipiki, ikapita chini ya rundo la kuni, ikafika kwenye mafiga. Nilikuwa nimechuchumaa ndani ya petroli.

Wakuu! Nilitoka kwa kushika ukuta.

Mama ndiye aliyeingia. Akapeleka mkono chini ya tenki bila hata kuangalia, akafunga koki, kama mtu anayefunga kifungo cha shati la mwanawe. Kisha tukaisukuma nje pamoja, polepole, taa yoyote isiguswe, kiki isiguswe. Tukafungua mlango na kidirisha, baadaye tukakwangua udongo wote uliolowa kwa jembe, tukautupa mbali. Siku hiyo tulipika nje, kwenye mawe matatu karibu na migomba.

Hapo ndipo nilipomuuliza.

"Mama, ulijuaje?"

"Nilisikia."

"Ulisikia nini? Petroli haina sauti."

Akanitazama kama vile nimeuliza jina lake.

"Pikipiki ya baba yako huwa haikati. Inakohoa, inakohoa tena, ndiyo inakufa. Leo imekata pu! Nikajua hukufunga kule kwenye kalavati."

"Kalavati gani?"

"Ee Mungu wangu. Miaka yote hiyo ulikuwa unapakiwa nyuma, hukuwahi kujiuliza kwa nini baba yako akifika mlangoni hashiki ufunguo?"

Sikuwahi.

Akanieleza. Chini ya kanisa, karibu kilomita mbili kutoka nyumbani, kuna kalavati. Baba akifika pale alikuwa anashusha mkono wa kushoto na kufunga koki huku pikipiki inatembea. Petroli iliyobaki kwenye kabureta ndiyo iliyomleta nyumbani. Ikaisha mlangoni pa jiko. Kwa hiyo kitu kilichoingia kulala karibu na moto kilikuwa kimekauka, hakina hata tone la kudondosha.

Mimi nilirithi nusu ya desturi. Nililaza pikipiki jikoni, nusu iliyomlinda mama nikaiacha barabarani.

"Sasa ulipanda mbio nusu saa nzima?"

"Niliacha kikapu pale pale, kahawa ikamwagika. Nikawa napanda huku natazama bati la jiko. Kila nikitazama, hakuna moshi. Nikawa najiambia, bado. Bado nina muda."

Hiyo "bado" wakuu, mimi ninayejiita mwandishi sijawahi kuandika neno zito kama hilo.

Jumatatu fundi alifungua injini. Petroli ilikuwa imeingia mpaka kwenye oili, oili ikawa nyepesi kama chai ya rangi. Akabadilisha sindano na oili. Hakunicheka safari hii. Alisema tu, "Mulamu, salimia sana mama."

Wiki mbili baadaye nilirudi Mbozi. Nilipofika kwenye kalavati nikashusha mkono wa kushoto, nikafunga.

Niwaambie ukweli, nilikuwa na wasiwasi kwamba itazimikia njiani nisukume mlima. Ikapita kanisa. Ikapita shule. Ikaanza kupanda kilima cha kwetu, ikapita lango. Uani ikakohoa. Ikasogea. Ikakohoa tena, na gurudumu la mbele likagusa kizingiti cha jiko, kimya.

Nikashuka, ufunguo sijaugusa. Baba alikuwa ameipima njia hiyo kwa petroli, tone kwa tone, na kipimo chake kilikuwa bado kiko sahihi bila yeye.

Mama alikuwa bondeni. Nikasimama uani, nikatazama njia inayotoka kijitoni. Nikasubiri nusu saa, nikasubiri saa nzima.

Hakupanda.

Alikuja jioni, kwa mwendo wake, kikapu kimejaa kahawa mbivu kichwani. Nikampokea, nikamwamkia, safari hii akaitikia.

"Marahaba, baba. Leo imekufa vizuri."

Basi wakuu. Mwenye pikipiki ya zamani, funga koki kila unapopaki, hata ukiingia dukani dakika mbili, na usiilaze karibu na moto hata kama umefunga. Sisi tumeshaijengea kibanda chake. Lile umbo la ukutani mama amekataa lisipakwe udongo.

Na wewe unayesoma, kwenu kuna nani anayejua umefika salama kwa kusikia tu? Niandikie hapa chini, nitasoma zote.