Mbwa Aliyekaribishwa Kahawa

Wajukuu wangu wananiona mkorofi. Mtoto akinyoosha mkono chini ya meza kumpa mbwa mfupa wa kuku, au akimsogezea sahani yenye mchuzi wa vitunguu, napiga ukelele mpaka nyumba nzima inaruka. "Bibi, si mbwa tu! Amekula makombo." Makombo! Waache waseme. Wao hawakuwepo mtaani kwetu Mabatini siku ile. Hawakuuona uwanja wetu ulivyojaa watu, na mgambo na rungu lake, na mwanamke asiye na hatia amesimama katikati anatetemeka kuliko mbwa mwenyewe. Mimi niliona, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, ile ya foleni na unga wa njano, tunaitana ndugu huku tunasukumana kugombea sabuni. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Mume wangu alifanya kazi kwenye kivuko cha Kigongo na nyumbani alikuwa akija mwisho wa wiki tu, kwa hiyo aliniachia mbwa anilinde. Mbwa wa kawaida, mwekundu, sikio moja limeng'atwa, hana maringo. Chakula chake kilikuwa pumba ya mahindi iliyochemshwa na dagaa waliovunjikavunjika, bila chumvi wala chochote, na alinenepa kwa hiyo.

Pumba yenyewe mara nyingi alipikiwa na jirani. Huyu alikuwa mjane wa Kisukuma, mlango wake ukitazamana na wangu, ana kuku wake na ana ulimi wake. Ndiye aliyenifundisha kuchagua sato sokoni nisiuziwe wa jana. Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika, ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto na kulala sakafuni kando ya kitanda changu. Hatukuwa tunabishiana hodi. Akichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, bakuli linaingia kwangu. Nikipika ndizi, bakuli linarudi na ndizi. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, ng'ambo ya ziwa, na huyu ndiye niliyekuwa naye.

Basi mama mkwe akaja. Alishuka kwenye meli ya Bukoba na mkungu wa ndizi, kuku mmoja aliyechoka safari, na kapu la kahawa ya kutafuna. Sisi Wahaya mgeni hatumwachi aketi mdomo mtupu. Kahawa inachumwa, inachemshwa na majani yenye harufu nzuri, inakaushwa juani na maganda yake, na mgeni akifika anapewa punje chache atafune kabla hata hajaulizwa habari za njiani. Na anayekaribisha anaonja yeye kwanza, mgeni akimtazama, ajue kwamba mkono unaompa ni safi. Mama mkwe alikuwa mtu wa desturi hizo mpaka kwenye mfupa. Jirani alipokuja kumwamkia, "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, alipewa kahawa yake kwa kisahani, akaitafuna huku amekunja uso kwa uchungu wake, tukacheka wote watatu.

Mbwa ndiye ambaye hakupendwa. "Toa mnyama huyu mlangoni," alikuwa akiniambia, na mbwa maskini alikuwa akijua, anampitia mbali.

Kilichogeuza mambo ni kibaka. Mama mkwe alikuwa ameanika vitenge vyake uani, vitenge vizuri vya enzi za neema, na miaka ile kitenge kilikuwa mali. Mchana kweupe kijana akaruka ua akavikumba vyote. Mbwa alimdaka suruali, akaning'inia nayo mpaka yule akatupa nguo na kurudi alikotoka na mguu mmoja wa suruali. Mama mkwe aliokota vitenge vyake, akavikumbatia, akamtazama mbwa kama ndiyo kwanza amemwona.

"Huyu si mbwa," akasema. "Huyu ni mtu wa nyumba hii. Na mtu halishwi pumba."

Jamani! Toka siku hiyo mbwa alikula tulichokula sisi. Ndizi na maharage yaliyokaangwa kwa vitunguu tele. Ukoko wenye mafuta. Miiba ya sato na mifupa ya kuku, na ngozi yake. Nilijaribu kusema, "Mama, huyu hajazoea vyakula hivi," akanigeukia. "Mwanangu, umeolewa juzi, leo unanifundisha kukarimu?" Mkwe wa Kihaya akiambiwa hivyo anafanya nini? Nilienda kuosha vyombo.

Jirani alicheka mpaka akashika mbavu. Alileta pumba yake, mbwa akainusa, akaondoka. "Mayu, mbwa wenu amekuwa mkurugenzi," akasema. "Bado kupewa gari na dereva." Lakini mkurugenzi hakuwa na afya. Tumbo lilimharisha, manyoya yakapoteza mng'aro, na kwa kuonja vitamu akaanza tamaa ambayo hakuwa nayo. Asubuhi moja aliingia bandani kwa jirani akala mayai yote yaliyokuwa yanaatamiwa. Hapo kicheko kiliisha. Jirani alisimama kwenye ua, mikono kiunoni, sauti imefika barabarani: "Mbwa huyu nitamtia adabu! Nasema nitamtia adabu, mtaona!"

Kila mtu alisikia, na hakuna aliyejali. Alikuwa akifoka hivyo kila wiki, na kufikia saa sita anakuwa amesahau.

Mchana ule nilikwenda bombani. Narudi na ndoo kichwani, nasikia mayowe ya mama mkwe, anamwita mama yake kwa Kihaya: "Mawe! Mawe! Mbwa wangu!" Niliitupa ndoo. Mbwa alikuwa anakimbia uani akizunguka, anajigonga ukutani, anainuka, anajigonga tena. Macho yamemtoka. Nilimshika kifuani, na moyo wake ulikuwa unapiga haraka hata sikuweza kuyatenga mapigo. Akatapika, akaanguka ubavu, miguu ikaanza kupiga hewa, povu likamtoka mdomoni. Mungu wangu! Sijawahi kuona mnyama akiteswa na kitu kisichoonekana namna ile.

Majirani wakaanza kumiminika. Na yeye jirani akaja, mikono ina unga, anauliza, "Kuna nini? Kuna nini?"

Mama mkwe akamnyooshea kidole.

"Si wewe uliyesema utamtia adabu? Umemlisha sumu!"

Nilipigwa na butwaa. Jirani naye alitabasamu kwanza, akidhani ni utani, kisha nikaona tabasamu linamwisha usoni kidogo kidogo. "Mimi?" akasema. "Mimi, mayu?"

Balozi wa nyumba kumi akafika na mgambo. Balozi alikuwa mtu mwema, lakini watu wakishajaa uani lazima aonekane anafanya kazi. Akasema nyumba ikaguliwe. Mgambo akaingia kwa jirani, tukasikia sufuria zikianguka, akatoka na chupa. Ilikuwa dawa ya wadudu wa pamba. Marehemu mume wake alikuwa na shamba la pamba kijijini, na yeye aliiweka uvunguni kwa ajili ya kunguni. Nusu ya nyumba za Mabatini zilikuwa na chupa kama ile. Siku ile hakuna aliyekumbuka hilo.

"Leo mbwa, kesho mtoto," mtu akasema.

Na mwanamke mmoja, niliyekuwa nikipanga naye foleni ya sukari, akanitazama tumboni. "Na ile mimba yake," akasema, "wakati inaharibika, nani alikuwa anampikia uji?"

Weee! Damu ilinisimama. Nchi ile ya ziwa kila mtu anajua yanayompata mjane akishaitwa mlishaji sumu. Hakai tena mtaani, na kuhama salama ni bahati. Jirani alikuwa ananitazama mimi tu, na midomo yake inatetemeka.

"Mwacheni!" nilipiga kelele. "Uji ule ndio ulioniponya!" Lakini sauti ya mke kijana ni nini mbele ya chupa ya dawa? Mgambo alikuwa amekwishamshika mkono. Nikaona nikibaki pale nitalia tu, nikatoka mbio, pekupeku, kumfuata bwana mifugo.

Nilimkuta ofisini kwake amevaa buti, anajiandaa kwenda kwenye josho la ng'ombe. "Mbwa?" akauliza, kana kwamba nimemwambia nina mamba. Nadhani uso wangu ndio uliomwinua. Alinipakia nyuma ya baiskeli na tukaja, watu wakatupisha.

Hakumtazama mtu yeyote. Alichuchumaa, akamfungua mbwa mdomo, akasikiliza kifua chake, kisha akaokota kijiti na kuanza kuchokoa matapishi. Kulikuwa na ndizi, vitunguu, kipande cha mfupa wa kuku kilichochongoka. Na kulikuwa na maganda meusi, mengi, na punje katikati.

"Hizi ni nini?"

Niliziona na mimi. Niligeuka kumtazama mama mkwe, na yeye alikuwa anatazama kile kijiti, na shavu lake moja limevimba. Alikuwa bado na kahawa mdomoni. Katika mayowe yote yale, alikuwa anaitafuna.

"Kahawa," akasema polepole. "Nimempa mimi. Aliokoa nguo zangu na sikuwa nimemkaribisha. Nilimchanganyia na ndizi na mafuta, apende."

"Punje ngapi, mama?"

Alikinga viganja vyake viwili pamoja, akavionyesha.

Bwana mifugo akashusha pumzi. "Mama, wewe ukitafuna punje mbili unachangamka. Mbwa kahawa inamkimbiza moyo mpaka unaweza kusimama. Hivi vitunguu navyo vinamla damu taratibu, na mfupa uliopikwa unavunjika vipande vikali, unamchoma utumbo. Chakula cha mezani kwetu si chakula chake. Hapa hakuna sumu. Huyu amekaribishwa kupita kiasi."

Hakuna aliyecheka. Mgambo aliuachia mkono wa jirani na kuanza kutazama rungu lake. Balozi alimrudishia ile chupa kwa mikono miwili, kwa heshima, kana kwamba alikuwa ameiazima. Yule wa foleni ya sukari sikumwona alipopita. Waliokuja wakikimbia waliondoka wakitembea, na hakuna hata mmoja aliyesema samahani.

Dawa ya mbwa bwana mifugo hakuwa nayo, alikuwa na za ng'ombe tu. Alitutwangisha mkaa, akaukoroga na maji, akamnywesha polepole, tukamlaza stoo kwenye giza asisikie kelele. Alitetemeka mpaka kesho yake. Kisha akanyanyua kichwa, akanywa maji, na siku iliyofuata alitembea akiyumba mpaka kwenye bakuli lake la pumba. Alikula kama aliyetoka jela.

Mama mkwe hakula siku hizo. Alikaa mkekani akisema peke yake, "Maji yakimwagika hayazoleki." Mbwa alipoinuka, alijifunga kitenge chake kizuri, akaweka kahawa kwenye kisahani, akavuka uwanja. Nilimfuata. Kufika mlangoni kwa jirani, yeye mtu mzima, mwenye mvi zote zile, akapiga magoti. Nilitaka kumwinua, akanisukuma mkono. Akachukua punje, akatafuna, akameza, akanyoosha kisahani.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuita jina ambalo hata adui yangu sijawahi kumwita."

Jirani alilia, akamwinua, akachukua kahawa akaitafuna na uso wake ule ule wa kukunja. "Yamekwisha, mayu," akasema. "Yamekwisha kabisa." Nilirudi nyumbani moyo mweupe. Nilifikiri kweli yamekwisha.

Wiki haijapita, tumekaa ndani, nasikia, "Hodi." Nikashangaa ni nani, sauti naijua lakini neno silo. Nikafungua. Ni jirani, na bakuli la michembe linafuka moshi. Hakuwahi kunibishia hodi tangu nihamie pale. Nikanyoosha mikono kupokea, na yeye akalirudisha bakuli kifuani kwake. Akachota kipande kwa vidole, akakiweka mdomoni, akatafuna mbele yangu, akameza. Akaachama kidogo nione kwamba kimekwenda. Ndipo akanipa.

"Nimeonja," akasema.

Nyuma yangu mama mkwe aliguta kama aliyechomwa mwiba. Mimi nilisema, "Jirani, tafadhali, ingia, usinifanyie hivi." Akatabasamu, tabasamu jema tu, akasema ameacha chungu motoni.

Tuliishi Mabatini miaka mingi baada ya hapo. Nilijifungua pale, na yeye alikuwa wa kwanza kuja na uji, akasimama nje ya kizingiti na kunywa funda moja kabla ya kunikabidhi kikombe. Niliomba, nilikasirika, siku moja nilimfokea. Hakuacha. Mbwa peke yake ndiye aliyekuwa akimkimbilia kila jioni, mkia juu, na kula pumba kwenye kiganja chake bila yeye kuionja.